Mfupa Unamtaja Mama Peke Yake

Chukua kalamu ukokotoe wahenga wako. Wazazi wawili, mabibi na mababu wanne, waliowazaa hao ni wanane. Ukifika kizazi cha kumi nafasi zimeshakuwa 1,024, na hapo hujarudi nyuma hata miaka mia nne. Katika hao wote, DNA ya mitokondria uliyo nayo mwilini imetoka kwa mmoja tu: mama wa mama wa mama yako, vivyo hivyo hadi juu, bila kupitia kwa baba hata mara moja. Wengine 1,023 hawakuchangia humo hata herufi moja (herufi ni vile viambajengo vinavyojipanga mstari kuunda DNA).

Nalisema hili mapema kwa sababu kila mara nakutana na kichwa cha habari kinachotangaza kwamba DNA imefichua asili ya watu fulani wa kale, na nikiisoma habari yenyewe nakuta kilichopimwa ni mitokondria peke yake. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na kichwa cha habari kikawa uongo mtupu. Nimeifuatilia fani hii kwa muda mrefu, kama mpenzi wake wala si mtaalamu, na kinachonivutia zaidi ni jinsi shahidi huyu mmoja, asiyesema uongo, alivyowapoteza watu werevu mara kwa mara.

Mitokondria ni viungo vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati. Vina DNA yao wenyewe, duara lenye herufi 16,569 na jeni 37. Ukizilinganisha na herufi bilioni tatu na ushei zilizomo kwenye kiini cha seli, hazifui dafu. Lakini kiini kina nakala mbili tu, moja ya baba na moja ya mama, ilhali DNA ya mitokondria ina nakala mamia, pengine maelfu, katika seli moja. Mfupa ukilala ardhini miaka 40,000, bakteria wakautafuna, maji yakaupitia, DNA ikakatikakatika hadi vipande vya herufi hamsini au sitini, penye nakala elfu moja ndipo penye tumaini la kuambulia kitu. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka ishirini ya mwanzo, kusoma DNA ya watu wa kale kulikuwa karibu sawa na kusoma mitokondria. Watafiti waliitumia kwa kuwa ndiyo iliyosalia, hata kama haijui mengi.

Kurithiwa kwake ni kwepesi kueleza. Mbegu ya baba nayo ina mitokondria, ila huharibiwa muda mfupi baada ya mimba kutungwa. Basi mtoto hubaki na za mama, zisizochanganywa na kitu. Zinazobadilika ni herufi moja moja, pale nakala inapokosewa, na kosa hilo hurithiwa na mabinti, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Watu wawili wenye msururu uleule wa makosa wana bibi mmoja mahali fulani huko nyuma. Wataalamu wameupanga mti mzima wa koo hizi kwa herufi na namba: L0, L3, M, U5, H na kuendelea. Na kwa kuwa mifupa ya kale inaweza kupimwa umri kwa kaboni, inawezekana kuhesabu makosa mangapi hujitokeza katika miaka mingapi. Hesabu ya namna hiyo iliyofanywa 2013 ilionyesha kwamba koo za kike za watu wa nje ya Afrika ziliachana na za Kiafrika chini ya miaka 95,000 iliyopita.

Huyo anayeitwa Hawa wa mitokondria alitokana na hesabu za aina hii kabla hazijanolewa. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha matokeo ya watu 147, wengi wakiwa wamepimwa kupitia kondo la nyuma, wakaonyesha kwamba koo zote zinakutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka 200,000 iliyopita. Jina hilo limeleta balaa. Watu wakadhani alikuwa peke yake duniani. Alikuwa na majirani, dada, mashemeji, na wengi wao ni wahenga wetu vilevile. Ni vile tu koo zao za kike zilikatika njiani, kama jina la ukoo linavyopotea nyumba ikikosa watoto wa kiume ingawa wajukuu wamejaa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya aibu nyingi. Mwaka 1985 mtafiti Svante Pääbo alitangaza kupata DNA kutoka maiti iliyokaushwa ya Misri ya kale, na baadaye ikaonekana kwamba huenda ilikuwa ya mtu wa leo tu. Mwaka 1994 watafiti wengine walidai kuwa na DNA ya dinosaria wa miaka milioni 80. Ilipochunguzwa ilionekana ni vipande vya mitokondria vya binadamu, vile ambavyo zamani za kale vilihamia kwenye kiini cha seli na kukaa humo. Chafya ya mtafiti au kidole kisicho na glavu hubeba DNA nzima na mpya kuliko kitu chochote kilichobaki ndani ya mfupa, na mashine haimbagui mfu na aliye hai.

Dawa ilipatikana katika ubovu wenyewe. DNA iliyozeeka huharibika kwa mtindo unaotambulika: kwenye ncha za vipande, herufi C hubadilika na kusomwa kama T. Kipande kisicho na alama hiyo kinatiliwa shaka. Ongeza vyumba vinavyooshwa kwa klorini na kumulikwa taa za urujuanimno, mavazi ya kufunika mwili mzima, na ugunduzi kwamba mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huhifadhi DNA kuliko mbavu au paja. Fani ikaanza kuaminika. Napenda ukweli kwamba uharibifu ndio uliogeuka cheti cha uhalali.

Ushindi mkubwa wa kwanza ulikuja 1997. Timu ya Pääbo ilikata kipande cha mfupa wa Mneanderthali (jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka) wa kwanza kutambuliwa, yule aliyepatikana 1856 katika bonde la Neander nchini Ujerumani, ikaunganisha kipande cha mitokondria chenye herufi 379. Kipande kingine cha mfupa kilipelekwa maabara ya Pennsylvania ili kurudia kipimo bila kuegemea kazi ya kwanza, na majibu yakalingana. Binadamu wawili wa leo hutofautiana kwa wastani wa herufi 8 katika eneo hilo. Mneanderthali alitofautiana nasi kwa 27. Alikuwa nje kabisa ya mti wetu wa kike.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Wengi waliruka moja kwa moja hadi kusema Waneanderthali walitoweka bila kuzaa na babu zetu. Maelfu ya watu walio hai wamepimwa mitokondria, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na ya Kineanderthali, hadi leo. Hoja ilionekana imefungwa. Kisha mwaka 2010 jenomu ya kiini, yaani DNA yake yote, ikasomwa, na ikaonekana kwamba watu wenye asili ya nje ya Afrika wana urithi wa Kineanderthali, unaokadiriwa leo kuwa kati ya asilimia 1 na 2. Walikuwa wahenga wakati wote. Ukoo wa kike ulikatika, labda kwa bahati tu, labda kwa kuwa mabinti wa mama wa Kineanderthali walikuwa wachache au walibaki upande wa mama zao. Mitokondria haikudanganya. Iliulizwa kuhusu umma mzima, nayo inajua habari za mstari mmoja.

Mwaka huohuo yakaja ya pango la Denisova, huko Altai, Siberia. Ncha ya mfupa wa kidole iliyochimbuliwa 2008 ilitoa mitokondria nzima, na kila mtu alitarajia ama Mneanderthali ama mtu kama sisi. Waneanderthali hutofautiana nasi kwa wastani wa herufi 202 katika duara zima. Kidole kile kilitofautiana kwa 385. Ukoo wake ulikuwa umeachana na wetu yapata miaka milioni moja iliyopita, kabla Waneanderthali hawajawa na ukoo wao. Kwa mara ya kwanza jamii ya binadamu ilitambuliwa maabara bila fuvu, bila zana, kwa kidole tu. Miezi michache baadaye DNA ya kiini ikaja na hadithi nyingine: Wadenisova, kama walivyoitwa watu wa kidole kile, wana undugu wa karibu zaidi na Waneanderthali kuliko walio nao na sisi. Mama anasema hivi, ukoo mzima unasema vile.

Kitendawili kilizidi 2013, pale Matthias Meyer na wenzake walipofaulu kusoma mitokondria kutoka Sima de los Huesos, shimo la mifupa katika vilima vya Atapuerca, Hispania, la takriban miaka 430,000. Mifupa ina sura ya Kineanderthali cha awali. Mitokondria ikawaelekea Wadenisova. Hispania na Siberia! Nakumbuka makala za wakati ule zilivyojaa mishale ya uhamaji kwenye ramani, kila mwandishi na yake. Mwaka 2016 vipande vichache vya DNA ya kiini vilipatikana kutoka shimo lilelile, na watu wale walikuwa upande wa Waneanderthali kama mifupa ilivyosema. Maelezo yanayokubalika sasa ni kwamba Waneanderthali wa awali walikuwa na mitokondria ya aina ya Kidenisova, kisha, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, mwanamke au wanawake wa jamii iliyo karibu nasi waliingia kwao, na mitokondria yao ikaenea hadi ile ya zamani ikaisha. Yaani ile ya 1997, iliyotumika kuonyesha jinsi Waneanderthali walivyo mbali nasi, yenyewe ilikuwa imetoka upande wetu.

Mfano uliofunga mjadala, kwangu mimi, ni wa kipande cha mfupa kisichofika sentimita 3. Kilikuwa miongoni mwa vipande zaidi ya 2,000 kutoka Denisova ambavyo havikuweza kutambuliwa kwa macho, vya fisi, swala, mbwamwitu na nini sijui. Watafiti walivichuja kwa protini za kolajeni hadi wakampata binadamu mmoja. Mitokondria ilisomwa 2016: Mneanderthali. Wangeishia hapo, angeandikwa hivyo kwenye vitabu. Mwaka 2018 jenomu yake ikatoka. Alikuwa msichana wa miaka 13 au zaidi, aliyeishi takriban miaka 90,000 iliyopita, mama yake Mneanderthali na baba yake Mdenisova. Nusu nzima ya msichana yule haikuonekana kwenye kipimo cha kwanza.

Ulaya ya wakulima wa kwanza nayo ina kisa chake, na ni kirefu kidogo. Kilimo kilifika Ulaya ya kati miaka 7,500 hivi iliyopita, na wanaakiolojia walibishana miongo mingi kama wakulima walihamia au wawindaji wenyeji waliiga ufundi. Mwaka 2005 mitokondria za wakulima 24 wa mwanzo, kutoka Ujerumani, Austria na Hungaria, zilipimwa. Sita walikuwa wa ukoo N1a, ambao leo ni nadra mno Ulaya. Hitimisho likawa kwamba wakulima hao hawakuacha mchango mkubwa, na Wazungu wa leo wametokana na wawindaji. Hitimisho la maana, kwa ushahidi uliokuwepo. Ila 2009 wakapimwa wawindaji wenyewe, na wengi wao walikuwa na koo za U, hasa U5, ambazo nazo si za wengi leo. Sasa kama hawakutokana na hawa wala na wale, walitoka wapi?

Jibu lilisubiri DNA ya kiini. Wakulima waliacha urithi mkubwa sana, ni N1a tu iliyofifia. Na kulikuwa na kundi la tatu ambalo halikuwa kwenye hesabu: wafugaji wa nyika za mashariki, walioingia miaka 5,000 hivi iliyopita, ambao utafiti wa 2015 uliona urithi wao umefika karibu robo tatu kwa baadhi ya watu wa Ujerumani ya wakati huo.

Na yule Cheddar Man? Mifupa yake ilipatikana 1903 katika pango la Gough's, Somerset, Uingereza, naye aliishi takriban miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 1997 mtaalamu wa Oxford alipima mitokondria yake, akaipima na ya wakazi wa eneo hilo, na mwalimu mmoja wa historia akawa na ukoo uleule, U5. Magazeti yakashangilia: mjukuu wake yungali palepale! Sijui ni wangapi walioandika habari ile waliokumbuka kwamba Cheddar Man alikuwa mwanamume. Mitokondria zake ziliishia kwake. Hata kama alizaa watoto kumi, hakuna hata mmoja aliyezipata. Walichoshirikiana mwalimu na yeye ni bibi wa kale mno, ambaye kizazi chake kimetawanyika Ulaya nzima.

Koo hupotea kwa kasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 zilichapishwa mitokondria nzima 92 za watu wa Amerika Kusini wa kabla ya Wazungu kufika. Zilikuwa za aina 84 tofauti, na hakuna hata moja iliyokutwa kwa watu walio hai waliokwisha kupimwa. Hapo mitokondria inasema kitu kizito bila msaada wa kiini: vita, utumwa na maradhi ya wageni vilikata mistari mingi ya mama. Ötzi, yule aliyeganda kwenye barafu ya Alpi miaka 5,300 iliyopita, naye ana tawi la ukoo K1 ambalo utafutaji kwa watu wa leo haujalikuta.

Lakini kuna swali ambalo mitokondria inalijibu kuliko kitu kingine, nalo ni hili: jamii hii ilihesabu ukoo kupitia nani? Pueblo Bonito, katika korongo la Chaco huko New Mexico, ni jengo kubwa la mawe lenye mamia ya vyumba. Katika chumba kimoja, kilichochimbuliwa 1896, walizikwa watu 14 pamoja na maelfu ya shanga za feruzi. Tisa walitoa mitokondria, na zote tisa zilikuwa sawasawa, herufi kwa herufi, ingawa mazishi yalienea kwa miaka zaidi ya 300, kati ya 800 na 1130. DNA ya kiini ikaonyesha humo mama na binti, bibi na mjukuu. Ni vigumu kuyasoma hayo kwa namna nyingine isipokuwa nyumba ya watukufu iliyorithishana kwa upande wa mama. Uingereza nako, huko Dorset, makaburi ya watu waitwao Wadurotriges, ya kipindi Waroma walipokuwa wanakaribia kuja, yalisomwa na matokeo yakatoka 2025: zaidi ya theluthi mbili ya waliozikwa walikuwa wa ukoo mmoja wa mama, huku koo za baba zikiwa mchanganyiko. Waume ndio waliohamia kwa wake zao.

Kazi ya Chaco ilichapishwa 2017 na ikalaumiwa kwa kutowashirikisha Wapueblo wa leo, ambao mifupa ile ni ya wazee wao. Naona lawama ilikuwa halali. Miaka minane baadaye Wapueblo wa Picuris wenyewe waliwaita wanajenetiki, wakasimamia utafiti, na ukaonyesha uhusiano wao na watu wa Chaco. Inawezekana, basi, na sayansi haikupungua kitu.

Afrika, ambako mti wenyewe una mizizi, ndiko kwenye data chache, na sababu kubwa ni joto. DNA huoza upesi mahali pa moto. Mtu wa pango la Mota, Ethiopia, wa miaka 4,500, alisomwa jenomu nzima 2015 kwa kuwa pango lipo nyanda za juu, karibu mita 2,000. Watoto wanne wa Shum Laka, Kamerun, wawili wa miaka 8,000 hivi na wawili wa 3,000, walikuwa na koo L0a na L1c. Utafiti wa 2022 ulifika miaka 18,000 kwa mifupa ya Mlambalasi, Tanzania. Linganisha na ile 430,000 ya Hispania. Kwa hiyo historia ya kina ya koo za L bado inasimuliwa zaidi na watu walio hai kuliko na waliokufa, na hilo ni pengo kubwa.

Siku hizi hata mfupa si lazima. Mwaka 2017 mitokondria za Waneanderthali zilipatikana kwenye udongo mtupu wa mapango, likiwemo moja la Ubelgiji ambalo halijawahi kutoa mfupa wao. Mwaka 2023 kidani cha jino la mnyama kutoka Denisova kiliwekwa kwenye maji ya moto yenye fosfeti, kikatoa DNA ya mwanamke aliyekishika au kukivaa, na kidani kikabaki kizima.

Na Juni 2025 ikawa zamu ya fuvu la Harbin, kaskazini mashariki mwa China, lenye umri wa angalau miaka 146,000. Jino halikutoa DNA, mfupa wa sikio haukutoa. Qiaomei Fu na wenzake wakakwangua ukoga mgumu uliogandamana kwenye jino pekee lililobaki, na humo wakapata mitokondria ya Kidenisova. Safari hii hawakumtegemea mama peke yake. Walisoma pia protini, ambazo hutengenezwa kwa maelekezo ya DNA ya kiini, yaani ya pande zote mbili, nazo zikataja Wadenisova. DNA yenyewe ya kiini haijapatikana. Ubishi uliobaki ni wa majina: fuvu hilo lilikwisha kupewa la kwake, *Homo longi*, mwaka 2021, na sasa baadhi wanataka Wadenisova wote waitwe hivyo. Wengine hawataki kabisa, na hapo mitokondria haina la kusema.